Jina Moja, Leseni Mbili

Mlionifuata tangu mwanzo mnajua tulipoachana: mimi nje ya geti la hospitali na mkoba wangu wa kazi, na mlinzi ambaye mama yake anatembelea mguu nilioutengeneza mimi akiniambia nisogee, nisizibe njia ya magari.

Kosa langu lilikuwa jina. Ndugu wa mgonjwa mmoja aliingia kwenye tovuti ya baraza la leseni, akaandika jina langu, na mbele ya jina akakuta neno AMEFUTWA. Chini yake waliandika sababu: uzembe uliosababisha kifo cha mtoto.

Aliyefutwa hakuwa mimi. Alikuwa somo yangu, mtu nisiyemjua wala kuwahi kumwona. Tumeitwa jina moja, kuanzia la kwanza hadi la ukoo, na kazi yetu ni moja, kutengeneza miguu ya bandia. Leseni yangu ilikuwa hai, mistari kadhaa chini kwenye ukurasa uleule. Lakini nani anaendelea kusoma mpaka chini akishaona kifo cha mtoto juu?

Mkuu wa karakana yetu alisoma mpaka chini. Akanisimamisha hata hivyo.

"Najua si wewe," aliniambia. "Lakini wagonjwa hawajui. Kalisafishe jina lako kwanza, ndipo urudi."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nafunga kamba za viatu niende huko kwenye baraza, mlango ukagongwa. Mke wangu akafungua. Nikasikia sauti ya mwanamke.

"Hapa ndipo kwa fundi wa miguu?"

"Ndipo, mama. Karibu ndani."

Hakuingia. Nilipotoka nilimkuta mama wa makamo, mwembamba, ameukumbatia mfuko wa nailoni. Alikuwa amekwisha kutoa kilichomo: mguu mdogo wa bandia, wa mtoto wa shule, kiatu cheusi bado kikiwa kimefungwa kamba.

"Nimekuja na swali moja tu," alianza kusema. Kisha akaniona vizuri, na uso wake ukaporomoka. "Lakini siyo wewe."

"Siyo mimi, mama."

"Yule namjua hata nikifungwa macho. Siyo wewe." Akakaa pale pale kwenye ngazi ya mlango, kama mtu aliyekatwa miguu naye.

Mke wangu alimletea maji. Alipoyanywa alitueleza.

Binti yake alikanyagwa na lori, mguu ukakatwa juu ya goti. Wakasikia habari za fundi mmoja mji mwingine, ana nyumba ambayo watoto wanakaa hukohuko mpaka wazoee kutembea. Akampeleka. Kile kikombe kinachoshika kigutu kilikuwa kimebana. Mtoto akalalamika, fundi akasema ni uvivu. Kigutu kikaota kidonda, kidonda kikaoza, na fundi hakumpeleka hospitali kwa kuogopa kuulizwa.

"Nikapata ujumbe kwenye simu," alisema. "Mtoto amefariki, tumeshamstiri. Basi. Nilipofika nikakuta nyumba imefungwa, mguu huu uko nje ya mlango. Majirani hawakuona jeneza, hawakuona msiba. Yeye ameingia mitini."

"Na baraza?"

"Baraza walinisikiliza, wakamwita, hakuja. Wakamfuta bila kumwona sura. Wakaniambia haki imetendeka." Alifuta midomo kwa upindo wa mtandio. "Mimi sikuwaomba wamfute. Niliwaomba wamuulize alipomzika mwanangu. Sasa kila nikisikia jina lake mahali, nakwenda. Ndiyo maana niko hapa kwako."

"Mama," nikamwambia, "mimi na wewe tunamtafuta mtu mmoja. Niachie namba yako. Nikimpata, wewe utakuwa wa kwanza kujua."

Aliushika mkono wangu akaubusu. Laiti ningejua, ningeuficha mgongoni.

*

Ofisi ya rejesta ya baraza iko ghorofa ya chini. Karani alikuwa dada mmoja mwenye kucha ndefu, anabonyeza kompyuta kwa ncha za kalamu ili zisivunjike.

"Nataka barua inayosema mimi siye yule aliyefutwa," nikamwambia.

"Barua hiyo hatuna. Tunayo ya kusema umefutwa, na ya kusema hujafutwa."

"Basi nipe ya kusema sijafutwa."

"Jina?"

Nikamtajia. Akabonyeza.

"Umefutwa."

"Huyo ni mwingine, dada. Shuka chini kidogo."

Akashuka. "Aa. Hujafutwa pia." Akaniinulia macho. "Sasa nitajuaje wewe ni yupi?"

"Namba yangu ya leseni hii hapa."

"Namba iko kwenye tovuti, kaka. Kila mtu anaiona, hata mimi nimeshaikariri."

"Kwa hiyo mnatangaza watu bila picha?"

"Sisi tunatunza majina. Sura kila mtu anatunza ya kwake." Akatazama tena kompyuta. "Na hataza hii iliyo kwenye faili nayo ni yako?"

Hapo nilijikuta nasimama wima, pamoja na taabu zangu zote. Hataza ni ile haki wanayokupa ukivumbua kitu, mwingine asikitengeneze bila ruhusa yako. Yangu ilikuwa ya goti. Goti la bandia linalojifunga lenyewe mtu anaposhuka mteremko, asije akaporomoka. Nilimwaga jasho juu ya goti lile mpaka mke wangu akasema ningelioa.

"Hiyo ni yangu," nikasema. "Hiyo haina mjadala."

"Najua. Si juzi tu ulikuja kuchukua nakala yenye muhuri?"

"Sijawahi kuja hapa."

"Ulikuja. Sikuwepo mimi, alikuwepo mwenzangu. Ukaomba upelekewe dukani kwako, nyuma ya soko la magodoro." Akageuza kompyuta nione. Jina langu, duka lisilo langu.

*

Sikuhitaji kuuliza mtu. Kibao kilionekana tangu kona: jina letu kwa herufi nyekundu, na chini yake MVUMBUZI WA GOTI LISILOANGUSHA.

Ndani kulikuwa na wateja wamekaa wakisubiri, magongo yameegemezwa ukutani. Juu yao, kwenye fremu ya dhahabu, hataza yangu. Na kwenye meza, magoti. Nililiokota moja nikalikunja. Alikuwa ameiga kila kitu isipokuwa kile kipande kinachofunga. Goti lile lingemwangusha mtu kwenye mteremko wa kwanza.

"Somo."

Niligeuka. Mtu mnene kiasi, ananukia manukato, mikono ameifungua tayari kunikumbatia.

"Nilijua utakuja," alisema. "Ingia ndani, somo yangu, tusiongelee mbele za watu."

Akanivuta chumba cha nyuma, akafunga mlango.

"Goti hilo ni langu," nikamwambia.

"Hataza imeandikwa jina gani?"

"Langu."

"Na langu." Akatabasamu. "Mzee wako na wangu walipotupa jina, hawakuulizana."

"Nimesimamishwa kazi kwa sababu yako. Mabaya yako yote yamekuwa yangu, na zuri langu moja umelitundika ukutani. Na kuna mama anazunguka na mguu wa mwanawe kwenye mfuko."

Tabasamu likazimika. Akakaa juu ya sanduku la plasta, akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kutetemeka. Mtu mzima yule alilia mpaka kamasi zikamshuka, nami nikasimama pale sijui niweke wapi mikono.

"Sijapata usingizi tangu mtoto yule afe," alisema. "Nimechoka kukimbia, somo. Nitakuja mwenyewe mbele ya baraza. Nitasema aliyefutwa ni mimi. Uwe huru."

"Utasema?"

"Nitakula kiapo. Wakili wangu ataandika. Ila atataka vyeti vyako vyote na leseni, vile halisi, aviweke pembeni ya vyangu, baraza waone kwa macho kwamba tuko wawili. Nakala hawazikubali. Unawajua."

"Na mtoto? Ulimzika wapi?"

Alijipangusa. "Hilo nitamwambia mama yake mwenyewe, ana kwa ana. Si neno la kumtuma mtu. Nipe namba yake."

Nikampa namba. Jioni ile nikampelekea vyeti.

"Vile halisi?" mke wangu aliuliza. Alikuwa anakatakata mboga, akaacha.

"Mama watoto, ungemwona alivyolia."

"Hata kitunguu kinaliza watu," alisema, "na hakina huruma na mtu." Akaendelea kukata.

*

Siku ya shauri nilivaa suti yangu ya harusi. Mke wangu alinifunga tai, tukaenda wote.

Chumba kilikuwa na meza ndefu na watu watatu nyuma yake. Katikati alikaa mwenyekiti, daktari mzee anayesikia kwa taabu. Somo yangu alikuwa amefika mapema. Alinipungia mkono kama tunakwenda harusini. Kwenye kona, peke yake, alikaa yule mama. Nilimwamkia. Aliitikia huku akitazama sakafu.

"Tuna watu wawili wa jina moja," mwenyekiti alisema. "Mmoja tulimfuta bila yeye kufika. Mwingine ana leseni hai. Mwenye leseni hai asimame."

Nikasimama.

Somo yangu naye akasimama.

Nilidhani hakusikia. Nikamgeukia nimwambie si zamu yake. Alikuwa ananitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa wa akili.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema, "huyu bwana ananisumbua kwa muda sasa. Amekuja dukani kwangu, amewatisha wateja wangu, anadai hata uvumbuzi wangu ni wake. Vyeti vyangu hivi hapa." Akafungua jalada jipya la ngozi. Cheti changu cha chuo, chenye doa la chai pembeni. Leseni yangu. Hataza.

"Hivyo ni vyangu," nikasema. "Nilimpa mwenyewe."

"Ulimpa vyeti vyako halisi?" mwenyekiti aliuliza. "Mtu unayemwita mwizi?"

Mjumbe mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

"Muulizeni mkuu wa karakana ya hospitali. Nimefanya kazi chini yake."

"Tumemwandikia," alisema katibu wa baraza. "Amejibu kwamba aliajiri kwa vyeti na jina, na kama palikuwa na udanganyifu, yeye pia alidanganywa."

"Mke wangu yuko hapa."

"Mke ni mke," mwenyekiti alisema, bila ubaya. "Kiandikieni chuo, kijibu. Lakini chuo kitachukua muda wake. Kwa leo tunaye mtu mmoja aliyemwona aliyefutwa kwa macho yake." Akainua sauti. "Mama, sogea."

Hapo nikapumua. Nilisahau kwamba yupo. Nikamgusa mke wangu mkono, yamekwisha.

Yule mama alikuja mbele polepole. Akaapishwa. Mwenyekiti akamwambia atutazame sote wawili asiwe na haraka, kisha aonyeshe aliyemtibu mwanawe.

Alimtazama somo yangu. Akanitazama mimi. Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

Akanyoosha kidole.

"Ni huyu," alisema. "Huyu hapa mwenye suti."

Mke wangu aliita jina la Mungu. Nilikitazama kile kidole kama nyoka aliyetoka kwenye mto niliolalia.

Uamuzi wa muda ulisomwa palepale. Leseni hai, pamoja na hataza, vibaki kwa mwenye vyeti. Mimi nisiguse kazi yoyote ya viungo bandia mpaka chuo kijibu, na suala la kifo cha mtoto likabidhiwe polisi, kwa kuwa mhusika sasa amepatikana.

Mhusika ndiye mimi.

*

Tulimfikia kwenye korido, mimi na mke wangu.

"Kwa nini, mama?" nikamuuliza. "Ulikuja mlangoni kwangu. Ulisema mwenyewe siye mimi."

"Siye wewe," alisema. "Mungu anajua, nami najua."

"Basi?"

"Ameniahidi. Nikisema ni wewe, leo hii ananipeleka kwa mwanangu." Alisema kwa utulivu. "Wewe una mke. Una watoto. Mikono yako mizima, utapata kazi nyingine. Mimi nina nini? Nataka mahali pa kukaa chini na kulia, basi. Nisamehe, mwanangu. Ungekuwa mimi, ungeninyooshea kidole hikihiki."

Mke wangu, ambaye nilidhani atamrukia, aligeukia ukutani.

Somo yangu akatoka chumbani, jalada kwapani, anaongea na simu na kucheka. Yule mama akamkimbilia.

"Baba, niko tayari. Twende."

"Twende wapi, mama?"

"Kule. Uliponiambia."

Akaitia simu mfukoni. Akamwekea mkono begani, akamsemesha kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani.

"Mama yangu, umeapa mwenyewe mbele ya baraza, na imeandikwa. Aliyemtibu mwanao ni yule pale. Mimi kaburi la mtoto wa watu nitalijulia wapi? Kamuulize yeye."

Akateremka ngazi akipiga mluzi. Tukasikia mlango wa gari, kisha gari likaondoka.

Mama alibaki ameuinua mkono hewani, kama bado anamshika yule mtu asiondoke.

"Turudi ndani," nikamwambia. "Bado wapo. Ukaseme kweli sasa hivi."

"Nikisema kweli, wataniambia alipo?"

"Watamkamata. Watamlazimisha."

"Walinisikiliza mara ya kwanza, wakafuta jina. Mara hii watafuta jina lilelile. Majina wanayajua sana." Akajifunga mtandio. "Kweli yenu haina kazi kwangu, mwanangu. Ngoja niende."

Akaanza kushuka ngazi, mkono mmoja ukutani. Duniani kote kulikuwa na watu wawili tu waliojua kwa macho kwamba mimi siye yule. Mmoja ameondoka na gari. Mwingine ndiye yule anayeshuka, mgongo umepinda, na akifika chini atapotelea kwenye watu wa barabarani na sitamwona tena. Polisi watakuja nyumbani labda kesho. Nitawaambia nini? Nitamwita nani?

Mfa maji haachi kutapatapa, lakini huwa hachagui anachokishika. Sikupanga. Naapa sikupanga. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Mama."

Hakusimama.

"Mama, ninajua alipozikwa."

Akasimama. Hakugeuka mara moja. Nadhani aliogopa akigeuka haraka neno lile litaruka kama ndege. Kisha akapanda, ngazi kwa ngazi, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mikono ilikuwa ya baridi.

"Ni mbali?" aliuliza.

"Siyo mbali sana," nikajibu. Nilikuwa sijui hata ni upande gani wa nchi. "Kwanza utarudi ndani useme kweli. Kisha nitakupeleka."

"Nitasema. Nitasema chochote." Machozi yaliyomkataa siku zote zile yakaanza kumtoka. "Alizikwa vizuri? Walimfunika?"

"Walimfunika, mama."

Nilitaka kumtazama mke wangu, anisaidie, anielewe kwamba nimebanwa. Mkono wake ulikuwa kwenye mkono wangu wa pili tangu tulipotoka chumbani. Nikahisi unalegea. Ukateleza kidole kimoja kimoja mpaka ukatoka, naye akarudi nyuma, hatua moja, nyingine, mgongo wake ukagusa ukuta.

"Baba watoto," alisema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, "wewe umejuaje?"